Mbao Dirishani: Historia ya Bei ya Kuugua Kenya

Shosho wangu ana hadithi ya chupa. Anasema miaka ya sabini ukiugua ulitoka nyumbani umebeba chupa tupu, ya soda, ya mafuta, yoyote bora iwe na kifuniko. Unafika dispensari, unapanga foleni, daktari anakupima (alikuwa muuguzi, lakini kwa shosho kila mwenye koti jeupe ni daktari), halafu unasonga dirishani unamiminiwa dawa ya kikohozi kwa chupa yako. Unarudi zako. Hakuna mtu amekuuliza pesa.

Nilikuwa nadhani ni zile hadithi za wazee, kwamba zamani hata mvua ilikuwa tamu. Nikaenda kusoma. Kumbe shosho hakuwa ameongeza chumvi, na siku za matibabu ya bure zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Wasee, naandika hii kwa sababu ya SHA. Tangu Oktoba 2024 tumebishana kuhusu SHA kila mahali, kwa matatu, kwa kinyozi, mezani tukila. Na karibu kila mtu wa umri wetu anaongea kana kwamba hii shida ilizaliwa juzi. Wapi. Ukifuata kitu kimoja tu, bei ya kupita dirisha la hospitali ya serikali, kutoka uhuru hadi leo, utaona tumeshajaribu karibu kila njia. Kuna moja tuliijaribu kwa miezi tisa, majibu yakatoka, yakaandikwa vizuri kabisa. Halafu tukayaacha kabatini.

Tuanze na mkoloni, haraka. Hospitali ziligawanywa kwa rangi. Nairobi Hospital, ile ya watu wa pesa, ilianza kama European Hospital. Kenyatta ilianza 1901 kama Native Civil Hospital, na jina linakwambia ilikuwa ya nani. Uhuru ulipokuja, chama cha KANU kilikuwa kimeahidi kupigana na maadui watatu ambao sote tuliwakariri shule ya msingi: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ikafuta ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya serikali. Hapo ndipo chupa ya shosho inaingia. Pesa zilitoka kwa kodi. Mgonjwa alikuwa amelipa tayari, alipouza kahawa, aliponunua sukari, hata kama hakujua.

Lakini mwaka uliofuata, 1966, kulifanyika kitu kingine ambacho watu hawakiongelei sana. NHIF ilianzishwa. Na ilianzishwa kwa nani? Kwa watu wa mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na kuendelea. Hao walikatwa shilingi 20 kila mwezi, lazima. Thao moja ya 1966, usiifananishe na thao ya leo inayoisha ukinunua gesi. Hiyo ilikuwa mshahara wa mtu mkubwa, mtu wa ofisi na tai. Ilipofika 1972 ndipo wengine wasio na mshahara wa aina hiyo wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari.

Shikeni hapo kwanza, maana naona ndiyo mbegu ya kila kitu. Tangu mwanzo Kenya ilikuwa na barabara mbili. Moja ya wenye hati ya mshahara, ambao pesa zao zinakatwa kabla hazijafika mfukoni. Nyingine ya mama mboga, fundi, mkulima na makanga, ambao wanaambiwa "karibuni pia, mkipenda". Na mwaka huo huo wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilileta watafiti Kenya, wakatoa ripoti ambayo ilifanya ulimwengu mzima uanze kutumia jina rasmi kwa kazi tunazoita jua kali. Yaani wakati dunia inatutumia sisi kama mfano wa nchi ambayo watu wanafanya kazi bila mwajiri, bima yetu ilikuwa imejengwa juu ya mwajiri. Leo zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye kazi hapa Kenya wako jua kali. Bado bima inawashangaa.

Sawa. Miaka ya themanini pesa zikaisha. Watu walikuwa wameongezeka, bei za mazao zilikuwa zinayumba, na serikali ya Moi ilikuwa inakopa kwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani kwa masharti. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka kuhusu jinsi nchi maskini zinafaa kugharamia afya. Mojawapo ya mapendekezo makuu: wagonjwa walipe dirishani. Hoja, nikiwa mkweli, haikuwa ya kijinga. Walisema serikali haina pesa, dawa zinaisha, na matajiri wanatibiwa bure sawa na maskini. Ukitoza kidogo, utapata pesa za dawa, na wale maskini kabisa utawasamehe. Kenya hata ilipanga vizuri pesa ziende wapi: robo tatu zibaki kwa kituo kilichozikusanya, robo iende kwa kinga na afya ya msingi wilayani. Ukiisoma kwa karatasi unaona wanaeleweka.

Tarehe 1 Desemba 1989 ada zikaanza. Waliziita kuchangia gharama. Ukifika kituo cha afya au hospitali, unalipa kwanza ya kuandikishwa ndipo uonwe.

Sasa twende River Road. Kuna kliniki ya kaunti pale, ya magonjwa ya zinaa, ambayo Nairobi nzima inaiita Casino. Kama hujawahi kuisikia, uliza mtu mzima, atajifanya haijui. Wakati huo ndiyo ilikuwa kliniki kubwa ya rufaa ya magonjwa hayo jijini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walikuwa wanafanya kazi pale. Kwa hivyo kulikuwa na rekodi nzuri za nani anakuja, mwezi kwa mwezi. Ada ilipoanza, wakahesabu. Baadaye wakachapisha hesabu yao katika jarida la Lancet, 1992.

Wanaume waliokuja kila mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake walishuka hadi asilimia 65. Somea hapo tena polepole. Kati ya wanaume 10 waliokuwa wanakuja, 6 hawakuonekana.

Jiulize hao sita walienda wapi. Kisonono hakiondoki kwa sababu huna pesa. Walienda kwa duka wakanunua vidonge viwili vitatu vya rangi nyekundu na nyeusi, walienda kwa mtu wa miti shamba, au walikaa tu. Na walirudi nyumbani kwa wake zao na wapenzi wao. Hii ni 1990, jamani. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kilikuwa kimepatikana 1984 na virusi vilikuwa vinasambaa kimyakimya. Mtu mwenye kidonda cha ugonjwa wa zinaa ambacho hakijatibiwa anaambukiza na kuambukizwa virusi kwa urahisi zaidi. Yaani ule ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote wa kuweka kizuizi kwa mlango wa Casino, na ndio mwaka tulikiweka. Miaka tisa baadaye, Novemba 1999, Moi alisimama akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Sisemi ada ndiyo ilileta janga. Nasema hakuna mtu aliyeweka hiyo gharama kwa hesabu wakati wa kujumlisha shilingi zilizokusanywa dirishani.

Na haikuwa Casino pekee. Vituo vingine vya serikali navyo viliona foleni zikipungua. Shosho mwenyewe anakumbuka. Anasema hawakuacha kuugua, waliacha kwenda. Mtoto akipata joto usiku ulimpangusa na kitambaa chenye maji, ukangoja asubuhi, asubuhi ukangoja jioni. Ukishaona mtoto hanyonyi ndipo ukatafuta pesa. Mathe alikuwa msichana wa kama miaka 14 hivi, na anasema aliwahi kutumwa kwa majirani watatu usiku mmoja.

Septemba 1990, baada ya miezi tisa, Moi akasimamisha ile ada ya kuandikishwa. Na unajua kilichotokea? Watu walirudi. Hakukuwa na kampeni wala mabango wala vibonzo redioni. Kizuizi kiliondolewa, watu wakaingia. Pale Casino wanawake walijaa kuliko hata kabla ya ada. Wanaume walirudi kiasi, lakini si wote. Hiyo nayo nadhani ni funzo, kwamba mtu ukimfukuza hospitalini mara moja unaweza kumpoteza hata ukimfungulia baadaye.

Haya ndiyo majibu niliyosema yalibaki kabatini. Tulikuwa na jaribio ambalo mwanasayansi angelipia: bure, halafu ada, halafu bure tena, nchi ile ile, watu wale wale, ndani ya muda mfupi. Na jibu lilikuwa wazi kama mchana. Wakati wa 1991 na 1992 ada zikarudishwa pole pole, awamu kwa awamu. Safari hii hazikuitwa za kuandikishwa. Ziliitwa za matibabu, unalipia dawa ukiipata. Mfuko uliokuwa unaguswa ni ule ule.

Na wale maskini waliofaa kusamehewa? Utaratibu ulikuwepo. Shida ni kwamba wagonjwa wengi hawakuujua, na kituo chenyewe kilitegemea zile ada kununua pamba na glavu. Wewe ungekuwa msimamizi, ungemwambia kila mtu kuwa kuna msamaha?

Hapa niseme yangu kidogo kisha tuendelee. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mathe alilazwa ghafla kwa ajili ya upasuaji. Anauza mitumba. Kadi yake ya bima ilikuwa imelala kwa sababu biashara ilikuwa mbaya na miezi mitano hakuwa amelipa. Alipona vizuri, daktari akamwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani, lakini hakwenda. Alikaa siku tisa zaidi kwa kitanda kile kile, akiwa mzima, akingoja tumalize bili, na kila siku aliyongoja bili iliongezeka. Tukafungua kikundi cha WhatsApp cha mchango. Karo yangu ya muhula ikaingia pale, na muhula uliofuata haikuwepo, na hiyo ndiyo hadithi yote ya kwa nini sina digrii. Simlaumu mtu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Uamuzi ulikuwepo, mathe alikuwa wodini.

Turudi 2004, mwaka ambao kwangu ndio wenye uchungu zaidi, kwa sababu tulikaribia. Kibaki alikuwa mpya, watu walikuwa na matumaini hadi yanawasha. Katikati ya mwaka serikali ikaleta sera ambayo wenyewe waliiita kumi-ishirini. Dispensari utalipa shilingi 10, kituo cha afya shilingi 20. Ashu na mbao. Watoto chini ya miaka mitano bure. Kwa wengi hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na watu walimiminika. Lakini serikali haikuziba vizuri pengo la pesa ambazo vituo vilipoteza, kwa hivyo vituo vingi vikaanza kuongeza vyao pembeni. Mbao ya kadi, halafu ya sindano, halafu ya kitabu.

Kitu kikubwa zaidi cha mwaka huo kilikuwa mswada wa Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya. Alitaka bima moja ya jamii ya kila Mkenya. Wenye mshahara wakatwe, serikali iwalipie maskini kutoka kwa kodi, na kila mtu atibiwe bila kulipa dirishani. Waajiri walipinga. Kampuni za bima zilipinga. Hazina ya Kitaifa ikasema pesa hazitatosha. Bunge likaupitisha Desemba 2004 hata hivyo. Ukafika mezani kwa Kibaki, na Kibaki, ambaye alikuwa mwanauchumi kabla awe kitu kingine chochote, akakataa kutia sahihi. Ukafia hapo. Mimi nilikuwa na miaka miwili hivi, navaa nepi. Huwa najiuliza karo yangu ingekuwa wapi kama kalamu ingeshuka.

Baada ya hapo ni kama kuangalia mtu akirudia darasa. Juni 2013 Uhuru Kenyatta akatangaza kujifungua bure katika hospitali za umma, na ada za dispensari na vituo vya afya zikafutwa. Desemba 2018 akazindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne, Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Watu walikuja kwa wingi, dawa zikawa zinaisha, na majaribio yakaisha bila kuenea nchi nzima. Oktoba 2024 NHIF ikafa, SHA ikazaliwa.

Na SHA ni nini hasa, ukiondoa kelele? Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anajibu maswali kuhusu nyumba yake, maji, choo, umeme, kisha mfumo unakadiria uwezo wa familia na kumwambia alipe kiasi gani, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Watu wa jua kali wengi walijisajili, lakini wanaolipa ni wachache sana. Baadaye ikabidi waletewe mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole. Mnaona ile mbegu ya 1966? Barabara mbili. Wa kwanza anakatwa bila kuhisi. Wa pili anatakiwa aamue mwenyewe, akiwa mzima, na pesa ikiwa ni ya stoki ya kesho, kuitoa yote leo.

Mtu ataniambia basi hakuna njia nyingine, nchi yetu ni maskini. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma kuhusu Thailand. Wao pia walikuwa na wakulima na wachuuzi wengi wasio na mwajiri. Wao pia walikuwa na bima ya wafanyakazi, kadi ya maskini, na kadi ya hiari kwa waliobaki, baht 500 kwa familia kwa mwaka, serikali ikiongeza nyingine 500. Ikaenda vile ungetarajia: waliojua wanaumwa ndio walikimbilia kuinunua, wenye afya wakakaa mbali, na hesabu ikawa ngumu. Mwaka 2001 wakaacha kumfukuza mchuuzi na kadi. Waliobaki wote wakawekwa kwa mpango mmoja unaolipwa na kodi, mgonjwa akalipa baht 30 tu akienda kutibiwa. Miaka michache baadaye hata hizo 30 ziliondolewa, ingawa zilirudi baadaye.

Lakini msiruke sehemu hii, kwa sababu wanasiasa wetu huiruka. Kabla ya hiyo 2001, Thailand ilikuwa imekaa miaka mingi ikijenga hospitali za wilaya. Mapema miaka ya themanini walisimamisha ujenzi mpya katika hospitali kubwa za mikoa ili pesa ziende vijijini. Walilazimisha madaktari wapya wafanye kazi huko. Siku walisema bure, kulikuwa na mtu ndani na kulikuwa na dawa. Sisi tunatangaza bure kwanza, kwa jukwaa, halafu tunaenda kutafuta dawa. Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika, sisi tukiwemo, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Hatujawahi kuifikia.

Ajabu ni kwamba ndani ya sheria mpya za 2023 kuna kipande ambacho kinafanana na chupa ya shosho. Kinaitwa Hazina ya Afya ya Msingi. Kinasema matibabu katika dispensari na vituo vya afya yalipwe na serikali kutoka kwa bajeti, uwe umelipa mchango au hujalipa, bora umesajiliwa. Hakuna maswali ya choo. Hakuna cha mwaka mzima kwa mpigo. Mimi nikisikia watu wanapigana kuhusu 2.75 huwa natamani hata nusu ya hizo kelele ziende kwa hicho kipande. Mwaka huu kimetengewa pesa ngapi? Zimefika dispensari ya mtaa wenu lini? Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mtu anayetafuta kura yako 2027, na usikubali akujibu na jina la programu.

Mwezi uliopita nilimpeleka shosho dispensari, ocha, kwa presha yake. Alisajiliwa zamani, simu ilithibitisha, muuguzi alikuwa mpole, na dirishani hakuna aliyetuuliza hata shilingi. Kisha tukapewa karatasi yenye majina ya dawa tatu tukaambiwa tukanunue duka la dawa la barabarani, kwa sababu ndani hakukuwa na hata moja. Zote pamoja zilikuwa shilingi 1,350. Shosho aliiangalia ile karatasi, akaniuliza hiyo ya bei ya chini inaitwa aje, tukanunua hiyo, ya wiki mbili.